HISTORIA: Kutoka jiko la Frankfurt hadi ordinatere ya fundi – jinsi programu za kuchora makabati zilivyokuwa rahisi, na ipi ya kuchagua

Kando ya barabara za Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, makabati mengi ya jikoni huanza kwa namna moja. Mama anapanua mikono hewani na kusema: “Papa fundi, nataka kutoka hapa mpaka hapa.” Fundi anatoa metre, anaandika tarakimu tatu nne juu ya kipande cha trepleksi kwa kalamu ya risasi, kisha msumeno unaanza kulia. Mara nyingi kazi inakwenda vizuri. Hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ambayo mji wa Goma umeijengea sanamu, hutengenezwa hivyo: kwa jicho, mkono na mazoea.

Lakini kabati la jikoni lina tabia yake. Lina vipande kumi na zaidi, na kipimo cha kila kimoja kinategemea unene wa kingine. Kosa la sentimita tatu na nusu linatosha kuharibu ubao. Kwa familia iliyorudi nyumbani na kukuta kuta tupu, au inayoanza upya katika mji wa ugenini, ubao uliokatwa vibaya ni pesa ya chakula iliyopotea.

Ndiyo sababu inafaa kuuliza: kati ya programu za ordinatere zinazosaidia kuchora makabati kabla ya kukata, ipi ni rahisi, na ipi inafaa kwa watu ambao umeme wao unakatika, intaneti yao ni ghali, na pengine kesho watalazimika kuhama tena? Jibu linaonekana vizuri zaidi mtu akifuata njia ambayo kazi hii imepitia kwa miaka mia moja.

Jiko lililopimwa kwa hatua za miguu

Mwanzoni mwa karne ya 20, majiko mengi ya Ulaya na Marekani yalikuwa na vitu vilivyosimama kimoja kimoja: meza pale, kabati la vyombo huku, jiko la makaa kwenye kona. Mwaka 1913, Mmarekani Christine Frederick alitoa kitabu kilichofundisha kwamba kazi za nyumbani zinaweza kupangwa kama kazi za kiwandani: hesabu hatua ambazo mpishi anatembea, kisha sogeza vitu ili hatua zipungue. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kijerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba. Mji wa Frankfurt, chini ya uongozi wa mpangaji wake Ernst May, ulianza kujenga nyumba nyingi za bei nafuu kwa familia za wafanyakazi. Mchoro wa jiko lake alipewa mwanamke: Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo aliyezaliwa Vienna mwaka 1897.

Mwaka 1926 alimaliza kuchora jiko lenye upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa karibu mita 3.4. Alipima muda wa kila kazi. Alichukua mfano wa majiko ya treni, ambako mpishi hulisha watu wengi akiwa katika chumba chembamba. Aliweka droo ndogo za aluminiamu za mchele, sukari na vyakula vingine vikavu, kila moja na jina lake. Droo ya unga aliitengeneza kwa mti wa mwaloni ili wadudu wasiingie. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yalifungwa katika nyumba za Frankfurt.

Yote hayo yalichorwa kwa kalamu na rula. Lakini wazo kubwa lilikuwa limezaliwa: kabati la jikoni linaanza kwa kipimo cha chumba na mwendo wa mtu anayepika, kisha ndipo mbao zinakatwa.

Jiko hilo lilikuwa na kasoro pia. Lilipimwa kwa mtu mmoja. Wakosoaji wa baadaye walisema kwamba mama alifungiwa humo peke yake, watoto na wasaidizi wakakosa nafasi ya kusimama. Hapo kuna somo kwa familia ya Kivu ambako sufuria ni kubwa, wasichana wawili watatu wanamenya mihogo pamoja, na moto ni wa makala. Mchoro wa watu wengine haufuatwi mzima mzima. Jiko la makala, kwa mfano, linahitaji dirisha karibu na nafasi wazi juu yake. Kuning'iniza kabati la mbao juu ya moto huo ni kutafuta ajali.

Schütte-Lihotzky mwenyewe alionja ugenini. Alifanya kazi katika Umoja wa Kisovieti na Uturuki, na aliporudi Vienna kusaidia upinzani dhidi ya Wanazi, alikamatwa mwaka 1941 na kukaa gerezani mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945. Alifariki mwaka 2000, akikaribia kutimiza miaka 103.

Sanduku na matundu ya milimita 32

Hatua ya pili ilitoka pia katika nchi iliyobomoka. Mwaka 1945 miji mingi ya Ujerumani ilikuwa magofu, na mamilioni ya watu waliofukuzwa kutoka maeneo ya mashariki walikuwa wanatafuta mahali pa kulala. Nyumba zilihitajika haraka, na kila nyumba ilihitaji makabati. Mbao nzuri zilikuwa haba, na ufundi wa zamani wa kuchonga fremu na kuunganisha kwa ulimi na tundu ulichukua siku nyingi.

Viwanda vikachukua njia fupi: kabati likawa sanduku la mbao bapa zisizo na fremu, yaani pembeni mbili, chini, rafu na mgongo, vikishikwa kwa vijiti, skrubu na bawaba za ndani. Mashine zilizotoboa matundu mengi kwa mara moja zilikuwa na vichwa vilivyopangwa kwa umbali wa milimita 32 kutoka kimoja hadi kingine, na umbali huo ukawa kanuni. Matundu ya milimita 5, yamepangwa kwa mstari, safu ya mbele ikiwa milimita 37 kutoka ukingoni. Hadi leo, bawaba na reli nyingi za droo zinazouzwa duniani zimetengenezwa kufuata hesabu hiyo.

Huko Uswidi, duka la IKEA, lililoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, lilianza katika miaka ya 1950 kuuza fanicha zikiwa zimefunguliwa na kulazwa ndani ya katoni. Mteja alikwenda kuziunga nyumbani kwake.

Bila kukusudia, mabadiliko hayo yalitayarisha njia ya ordinatere. Fundi wa fremu alihitaji miaka ya kujifunza mkono. Lakini sanduku la mbao bapa ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, na hesabu ni kazi ambayo mashine inaiweza.

Ordinatere yajifunza kuchora

Mwaka 1963, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kalamu ya mwanga aligusa kioo, na mstari ukatokea. Aliweza kuiambia mashine kwamba mistari miwili iwe sambamba, nayo ikatii. Lakini mashine aliyotumia ilijaza chumba, na hakuna seremala ambaye angeweza kuiota.

Miaka 19 ilipita. Mwaka 1982, kampuni ya Autodesk ilileta AutoCAD, programu ya kuchora iliyofanya kazi kwenye ordinatere ndogo za mezani. Wahandisi na wasanifu waliipokea. Kwa mtu wa kawaida ilibaki ngumu: amri nyingi za kukariri, bei ya juu, na ilidai mtu ajue tayari kuchora kitaalamu. Viwanda vya makabati navyo vikapata programu zao, zilizounganishwa na mashine za kukata, ambazo mwenye karakana ndogo hakuzifikia. Kwa hiyo, mwishoni mwa karne ya 20, fundi wa mtaani na baba anayejitengenezea jiko lake bado walikuwa na karatasi na kalamu ya risasi.

Mwaka 2000: kusukuma na kuvuta

Badiliko lilitoka katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado. Mwaka 1999, Brad Schell na Joe Esch walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa @Last Software, na mwaka 2000 wakatoa SketchUp. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mtu anachora mstatili chini, analigusa eneo lake na kulivuta juu, na papo hapo linakuwa sanduku. Akilisukuma upande, linakuwa na shimo. Mtoto wa shule angeweza kujifunza kwa siku moja.

Mwaka 2006 Google iliinunua kampuni hiyo, na mwezi mmoja baadaye ikatoa toleo la bure. Hapo ndipo watu wanaojitengenezea fanicha nyumbani walipoingia kwa wingi. Walichora makabati yao ubao kwa ubao, wakapeana michoro na kufundishana. Baadaye zikaja nyongeza, kama OpenCutList iliyotoka kwa jumuiya ya mafundi mbao wa Ufaransa, zinazosoma mchoro na kutoa orodha ya vipande vyote na namna ya kuvipanga juu ya ubao.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2012 Google iliiuza SketchUp kwa kampuni ya Trimble. Toleo la bure la kuweka ndani ya ordinatere, lililoitwa SketchUp Make, lilitolewa kwa mara ya mwisho mwaka 2017. Baada ya hapo, toleo la bure likahamia kwenye intaneti: linafunguka ndani ya kivinjari, halipokei nyongeza kama OpenCutList, na linaruhusiwa kwa matumizi binafsi, si kwa biashara. Mwaka 2020 kampuni ikaacha kuuza leseni za kudumu za toleo la kulipia. Anayetaka kulitumia analipa kodi ya kila mwaka, kama mpangaji wa nyumba.

Kampuni ina haki ya kuendesha biashara yake. Hata hivyo, kwa fundi wa Kivu matokeo ni wazi. Chombo kilichokuwa ndani ya mashine yake kimehamia mahali pengine, na ufunguo uko kwa mwingine. Intaneti ikikatwa, kama inavyotokea wakati wa machafuko, mchoro haufunguki.

Njia nyingine: programu huria

Wakati huohuo kulikuwa na watu waliofuata njia tofauti. Programu huria ni programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuigawa, hata kwa kazi ya kulipwa, na ruhusa hiyo haiondolewi kwa toleo ambalo limeshatolewa. Mtu mmoja akiipakua mara moja, anaweza kuwapa wenzake kumi kwa flashi, na hakuna aliyeiba.

Mbili kati ya hizo zinahusu kazi hii moja kwa moja. FreeCAD, iliyoanzishwa na Mjerumani Jürgen Riegel, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002. Ilichukua miaka 22 mpaka toleo lake la 1.0 lilipotoka, Novemba 2024. Nguvu yake ni kwamba vipimo vinafungamana: ukibadilisha upana wa kabati kutoka milimita 600 kuwa 500 katika mchoro uliopangwa vizuri, vipande vyote vinajirekebisha. Ina pia nyongeza ya ufundi mbao. Udhaifu wake ni ugumu wa mwanzo, maana anayeanza atahitaji wiki kadhaa za subira.

Sweet Home 3D ilianza kutolewa mwaka 2006 na Mfaransa Emmanuel Puybaret. Hii ni rahisi zaidi. Unachora kuta za chumba, milango na madirisha, unachagua makabati, jiko na sinki kutoka kwenye orodha, unaandika upana, kina na urefu wa kila kimoja, na upande mwingine wa kioo unaona chumba kizima kama umesimama ndani. Inafanya kazi bila intaneti, inatumika pia kwa Kifaransa, na haihitaji mashine mpya sana. Mipaka yake ijulikane: inapanga chumba, lakini haimwambii fundi akate nini. Vipande vya ndani ya kabati itabidi avihesabu mwenyewe.

Zipo pia programu za maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, zinazofunguka kwenye intaneti na ni rahisi sana. Lakini zimetengenezwa kuuza makabati ya duka lenyewe. Mtu wa Goma atapata picha nzuri ya kitu ambacho hakiuzwi mjini kwake.

Hesabu ya kabati moja

Ili kuona programu inasaidia wapi, mfano mmoja unatosha. Kabati la chini lina upana wa milimita 600, kina cha 580 na urefu wa 720, bila miguu wala meza ya juu. Ubao una unene wa milimita 18.

Pembeni mbili ni 720 kwa 580. Chini, wengi wanakata 600, na hapo ndipo kosa lilipo. Ubao wa chini unakaa katikati ya pembeni mbili, kwa hiyo lazima unene wa zote mbili utolewe: 600 toa 36, inabaki 564. Aliyekata 600 atapata kabati la 636, na makabati manne ya namna hiyo yatazidi ukuta kwa karibu sentimita 14 na nusu. Mlango wa jikoni hautafunguka.

Sasa ubao mzima wa milimita 2440 kwa 1220. Ukipasuliwa kwa urefu, unatoa mikanda miwili ya 580. Katika mkanda mmoja zinaingia pembeni mbili na chini: 720, 720 na 564, jumla 2004. Msumeno unaokula milimita 3 kila mkato unafikisha 2013. Kinabaki kipande cha 427 kwa 580. Kikigeuzwa, kinatoa mbao mbili nyembamba za 564 kwa 100 za kufunga juu ya kabati. Kwa hiyo mkanda mmoja unajenga sanduku moja, na ubao mmoja masanduku mawili, kabla ya rafu, mgongo na milango.

Fundi mwenye uzoefu anaweza kufanya hesabu hiyo kichwani kwa kabati moja. Kwa makabati manane yenye upana tofauti, kichwa kinachoka, na hapo ndipo mchoro wenye orodha ya vipande unapookoa ubao mmoja au miwili.

Ipi ya kuchagua?

Historia hii inaacha maswali matatu ya kuuliza kabla ya kujifunza programu yoyote. Je, inafunguka wakati hakuna intaneti? Je, inapokea vipimo kwa milimita, pamoja na unene wa ubao unaopatikana sokoni? Na la tatu, ambalo katika nchi zenye amani watu hawaliulizi: ukihama usiku, je, programu na michoro vinahama nawe?

Kwa familia inayotaka kupanga jiko lake na kuelewana na fundi, Sweet Home 3D inatosha, na mtu anaweza kuizoea katika siku chache. Kwa kijana anayetaka kuifanya kuwa kazi, njia nzuri ni kuanza na hiyo ili aone chumba, kisha aingie FreeCAD polepole kwa kabati moja tu, mpaka vipimo vifungamane. Mwenye SketchUp Make ya mwaka 2017 ndani ya mashine yake hana sababu ya kuitupa kwa kazi za nyumbani kwake, ila ajue kwamba mafaili ya matoleo mapya hayatafunguka humo bila kuhifadhiwa kwanza kwa muundo wa zamani. Nakala zilizovunjwa kufuli zinazouzwa kwa bei rahisi ziepukwe: mara nyingi zinabeba virusi, na virusi vinakula michoro ya miezi.

Asiye na ordinatere hajafungiwa nje. Karatasi ya miraba, mraba mmoja ukihesabiwa sentimita 10, pamoja na kalkuleta ya telefone, inafanya kazi ileile aliyoifanya Schütte-Lihotzky mwaka 1926. Hata mwenye programu anashauriwa kuchapisha mchoro na orodha ya vipande kwenye karatasi, kwa sababu umeme hukatika fundi akiwa katikati ya kazi.

Mafundi waliokimbia vita vya mashariki ya Kongo wanajua kinachobaki nyuma. Benchi inabaki. Msumeno wa mezani unabaki, na mara nyingi haukutwi tena. Randa labda inaingia kwenye mfuko. Vinavyopita kila kizuizi bila kutozwa kitu ni viwili: elimu iliyo kichwani na flashi ndogo yenye programu huria, michoro na orodha za vipimo. Fundi akifika ugenini, akapata ordinatere ya jirani kwa saa moja na trepleksi ya mkopo, anaweza kuanza tena kazi yake kesho yake asubuhi.